Miguu Huhesabiwa Matopeni

Miguu huhesabiwa matopeni. Mmeisikia juzi kwenye kikao cha harusi ya Filbati, pale alipojitapa kwamba ana marafiki wengi kiasi kwamba ukumbi hautawatosha, na shangazi yake akaitoa polepole huku akichambua mchele, bila hata kuinua uso. Watu wakacheka. Na nyie mkacheka, kwa sababu waliokaa karibu nanyi walicheka. Halafu mmenifuata mpaka hapa kuniuliza miguu ya nani, na matope ya wapi.

Methali hii msiitafute kwenye vitabu vyenu vya shule, haimo. Haikuachwa na mababu wala haikuokotwa pangoni. Ni changa, kidogo tu kunizidi mimi, na iliyoizaa ni gari. Aliyenipa habari zake ni Dismasi mwenyewe, aliyekuwa ameshika usukani. Ilianza hivi.

Mnaijua Kitonge, huku kwetu milimani juu ya Morogoro, ambako kabichi zinaota hata mahali ulipokusudia kulala. Kati yetu na hospitali ya misheni kuna Mto Mgombere. Kiangazi unauvuka kandambili ukiwa umezishika mkononi, na unapiga soga. Masika unauangalia tu. Daraja tunalo, ila ni la kusafiri: linakuja kila uchaguzi pamoja na wagombea, likishahutubiwa linaondoka nao.

Sasa, pale Kitonge alikuwepo Bi Leokadia Kobelo, mama yake Dismasi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Maharage alichambua kwa vidole, na mjukuu wake wa kwanza alimtambua kwa kumshika masikio, maana sura yake hakuwahi kuiona hata siku moja. Masika yaliyotangulia alishikwa na homa kali, vijana wakamweka kwenye machela wamvushe. Katikati ya mto, kijana aliyeshika mbele akateleza, machela ikapinduka, Bi Leokadia akaogeshwa bila kuomba. Hakuzama, lakini alipotolewa aliapa mbele ya watu wote: "Machela sipandi tena. Mkitaka kunibeba kama jeneza, ngojeni niwe jeneza."

Kaka yake, Krisanti Kobelo, ndiye aliyemjibu. "Dada, masika yajayo utavuka umekaa."

Ahadi hiyo msiichukulie kama ahadi za Filbati. Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba yako anaweza kuongea tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi, ila mjomba akikohoa, kikao kimekwisha. Na Krisanti alikuwa mjomba hasa, mwenye kofia ya pama, viatu vya ngozi na kikohozi cha kujua kutumia. Akishasema dada yake atavuka amekaa, basi ama avuke amekaa, ama Krisanti aache kuvaa ile kofia.

Kina Kobelo wakachangishana wanunue gari, la kuvukia mto na la kushushia kabichi. Nani alitoa nini tuache, mpaka leo inagombanisha watu misibani. Jipya halikuwezekana. Wakapata habari kwamba mjini kuna mzee anauza la kwake lililotumika, la foo wili, yaani lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta, si ya nyuma peke yake. Likikwama nyuma, mbele linajivuta. Ndilo gari la mtu wa milimani.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilianza kabla hawajaliona gari lenyewe.

Mnajua kila ukoo una watani wake. Mtani ndiye anayekuchimbia kaburi, ndiye anayekutania msibani mpaka unacheka na kamasi puani, na kuku wako akimchukua huendi polisi. Kwa hiyo jambo kubwa la ukoo haliendi bila mtani. Tunasema ni desturi, lakini ina akili ndani yake: mtani hana haya kwenu, kwa hiyo anayasema na kuyafanya yale ambayo wenye heshima zao wanayameza. Mtani wa kina Kobelo alikuwa Bonaventura, tuliyemwita Venturi, mkulima wa magimbi kandokando ya Mgombere. Siku wakwe walipoleta mahari ya binti wa kina Kobelo, Venturi alilifunua kapu mbele ya wageni, akatoa kanga mojamoja, akakuta moja ina tundu. Akapitisha kidole kwenye lile tundu, akawa anawapungia wakwe nacho.

Wakwe walileta kanga nyingine, lakini Krisanti hakuisahau ile aibu. Kwa hiyo safari ya gari ilipofika, akamwambia Dismasi, "Huyu tumwache. Mjini kuna watu wa heshima."

Wakaenda wawili, mjomba na mpwa. Dismasi ndiye dereva wa ukoo. Udereva alijifunzia Dar es Salaam kwenye gari dogo la kukodi, kwenye lami, mahali ambapo tope ni lile la kwenye matangazo ya sabuni.

Mwenye gari alikuwa Mzee Mahimbo wa Kihonda, mtu mkunjufu, mwenye tumbo la kukaribisha wageni. Mkewe ni wa huku huku milimani, na nadhani kwa mkewe ndiko alikojifunza namna ya kutuuzia vitu. Maana hakuwapeleka kwenye gari. Aliwapeleka mezani. Wali wa nazi, kuku wa kienyeji, mchicha, na maini kwenye kisahani cha peke yake kwa ajili ya Krisanti. Gari waliliona kwa dirishani tu, limeegeshwa uani, jeupe, linameremeta kama limetawazwa.

Mnaoelewa desturi zetu mmeshashika kichwa. Kwetu, ukishakula kwa mtu, huchungulii uvungu wa kitanda chake. Chakula chake kiko tumboni mwako, kumpekua ni kama kukitapika. Hapo hakuna aliyekukataza, ila hata shingo yenyewe haikubali kupinda.

Wakanawa mikono, wakatoka uani. Krisanti akalizunguka gari taratibu, mikono nyuma. Akagonga mlango kwa kidole kama anayebisha hodi. Akafika kwenye boneti, akajiona usoni humo, akaweka kofia yake vizuri. Mzee Mahimbo akafungua mlango, akawaonyesha kigia kidogo pembeni ya gia kubwa.

"Mkikwama, mnavuta hiki. Mnaona na taa imewaka? Ikiwaka hii, wote wanne wameamka."

Taa ikawaka kweli, ya kijani, nzuri. Krisanti akaomba izimwe na iwashwe tena, kwa raha yake.

Dismasi alikuwa na wasiwasi wake. Sijui uliotea wapi, labda ni ile hali ya gari kung'aa kuliko mwenye gari. Akarudi nyuma kidogo, akainama taratibu kama mtu anayefunga kamba za viatu, apate kuangalia chini. Alikuwa amevaa kandambili.

Krisanti akakohoa. "Umedondosha nini?"

"Sijadondosha kitu, Mjomba."

"Basi inuka. Mtu ametulisha maini, wewe unamchungulia uvunguni."

Dismasi akainuka. Wakalijaribu gari barabarani, kwenye lami, likaenda kama maji kwenye mfereji. Jioni ile ile kina Kobelo wakawa na gari.

Kitonge ililipokea kwa vigelegele. Watoto walilikimbilia tangu kwenye shule, na wanaume wakaja mmojammoja kuyapiga mateke magurudumu, kama mnavyojua, teke moja kila tairi, halafu mtu anatikisa kichwa kana kwamba ameambiwa kitu. Venturi alikuja wa mwisho. Hakupiga teke. Alisimama mbali, mikono kifuani.

"Shikamoo, gari," akasema.

"Sogea uone," Krisanti akamwambia.

"Sisogei. Mlikwenda kuoa bila mimi, sasa mnataka nije nimshike bibi harusi? Hilo gari silitii mkono wala mguu mpaka nilipwe jogoo wa kunisahau."

"Jogoo wa nini? Ulitaka kwenda kututia aibu mjini?"

"Ndiyo kazi yangu, Krisanti. Mungu amekupa wewe kofia, mimi amenipa kazi hiyo." Akaliangalia gari tena, tangu juu mpaka chini. "Linaoga sana. Punda anayeoga kila siku, bado hajabeba mzigo."

Watu wakacheka, Krisanti hakucheka, na jogoo hakutoka. Kiangazi chote kikaenda hivyo. Gari likashusha kabichi, likapeleka maharusi, likampeleka padri kigangoni. Krisanti alikaa mbele, kiwiko nje ya dirisha, na mkono wa shati akiukunja makusudi. Kila wakipita kwenye magimbi ya Venturi, Venturi anavua kofia na kulisalimia gari peke yake, waliomo hawasalimii. Na Mgombere ulikuwa mawe matupu, wa kuchafua kandambili tu.

Kisha ikaja habari kutoka hospitali ya misheni. Madaktari wa macho watafika, watakaa wiki moja, watapasua mtoto wa jicho. Baada ya hapo mpaka mwaka mwingine, Mungu akipenda. Bi Leokadia akapangiwa siku ya mwisho, Ijumaa, maana Krisanti alikuwa na gari na wenye kutembea kwa miguu walitangulizwa. Hakuna aliyeona ubaya.

Bi Leokadia alinunuliwa kanga mpya. Mjukuu akafundishwa asimame wapi siku bibi atakaporudi, ili awe wa kwanza kuonekana. Na mvua, ambayo hakuna aliyeialika, ikaanza mapema, ikanyesha wiki nzima.

Ijumaa asubuhi ikapungua kuwa manyunyu. Dismasi akawasha gari. Mbele akakaa Krisanti, nyuma Bi Leokadia na kanga yake mpya, na pembeni yake na nyuma kabisa wakajazana vijana sita wa ukoo, mashati yamepigwa pasi, wamsindikize. Kusindikiza mgonjwa kwa gari, mnajua wenyewe, kunapata watu.

Mto ulikuwa umejaa mpaka magotini, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo yake mteremko wote ulikuwa tope jekundu. Dismasi akasimamisha gari ukingoni, akavuta kile kigia. Taa ya kijani ikawaka.

"Wote wanne wameamka," Krisanti akasema.

Wakaingia. Nusu ya kwanza lilikwenda vizuri, mawe yalikuwepo. Katikati mawe yakaisha. Gari likapunguza mwendo, likanung'unika, likasimama. Dismasi akakanyaga mafuta, nyuma kukaruka matope mpaka juu ya miti. Akarudisha nyuma, akasukuma mbele, akarudisha tena. Kila akikanyaga linashuka chini, kama kuku anayetaka kuatamia, mpaka bampa ya nyuma ikalala majini.

"Vijana, shukeni msukume," Krisanti akasema.

Mmoja akasema ana kifua. Mwingine akatazama viatu vyake, vyeupe vile, akawa kama anaviaga, lakini hakushuka. Wawili walishuka kwa kurukia kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe wakarukia ukingoni, na kutokea huko pakavu wakaanza kutoa ushauri. Kata kulia, Dismasi. Sasa kata kushoto.

Venturi alikuwa shambani kwake, hatua chache tu kutoka hapo, na ndugu zake, wanaume na wanawake, wanachimba magimbi yasiozeshwe na maji. Walikuwa wameona tangu mwanzo. Venturi akaweka jembe chini, akaingia mtoni na suruali yake, akaja mpaka ubavuni mwa gari. Hakuligusa.

"Dismasi, kanyaga mafuta kidogo," akasema.

Dismasi akakanyaga. Venturi akaangalia nyuma, akaenda mbele, akaangalia huko.

"Krisanti. Gari hili lina miguu mingapi?"

"Minne. Huoni?"

"Kule nyumbani nilihesabu minne. Hapa nahesabu miwili. Hii ya nyuma inafanya kazi mpaka inatoa moshi. Ya mbele imekaa kama wakwe."

Dismasi akatoa kichwa dirishani. Kweli, gurudumu la mbele lilikuwa limetulia ndani ya maji, halina habari na mtu. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Hapo Venturi akainama, akazamisha mkono mpaka begani, akapapasa chini ya gari huku shavu lake likigusa maji. Alisahau kwamba alikuwa ameapa kutoligusa, au hakusahau. "Huku chini, mbele, kuna mahali pa kushika kitu," akasema. "Na kitu chenyewe hakipo."

Dismasi akajua. "Propela shafti ya mbele," akasema polepole. "Ule mwiko wa chuma unaochukua nguvu ya injini kuipeleka kwenye magurudumu ya mbele. Mjomba, haupo. Haukuwepo tangu siku ile."

"Lakini taa inawaka," Krisanti akasema.

"Taa inawaka, Mjomba. Foo wili yetu ni jina la ubatizo tu."

Hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yameanza kuingia chini ya mlango. Bi Leokadia akainua miguu yake, akaikunja juu ya kiti, kanga akaikusanya mapajani. Yeye hakuwa ameona taa wala gurudumu. Alikuwa amesikia tu.

"Kaka," akasema. "Msigombane. Giza nimelizoea. Nitangoja mwaka mwingine."

Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo iliyokuwa mbaya. Dismasi anasema alimwona mjomba wake akivua kofia, akaiweka juu ya dashibodi, akafungua mlango, na kushuka majini na vile viatu vya ngozi. Hakukunja hata suruali.

"Venturi. Jogoo utampata."

"Huyo alikuwa wa kunisahau. Wa leo ni mwingine."

"Wawili, basi."

"Na mmoja awe yule anayekuamsha wewe alfajiri. Jogoo mtoto sitaki."

"Chukua huyo huyo. Nisaidie kumvusha dada."

Venturi akapiga mluzi. Wale ndugu zake wakaacha magimbi, wakaingia mtoni, wanawake kwa wanaume, na hakuna aliyevua wala kukunja kitu. Kijana mmoja wa kina Kobelo, kutokea pale ukingoni pakavu, akauliza kama akalete machela.

"Machela sipandi," Bi Leokadia akasema ndani ya gari. "Niliapa."

"Nani amekutajia machela, mtani?" Venturi akajibu. Alikuwa ameshafungua mlango na kumgeuzia mgongo. "Siku ya machela bado, na siku hiyo wabebaji ni sisi hawa hawa. Leo panda mgongoni, niujue uzito mapema nisije nikashtukizwa."

Bi Leokadia akacheka. Alicheka mpaka akashindwa kukataa. Akapanda, akamshika Venturi shingoni, na wale ndugu wakashikana mikono upande wa juu wa mto, wakauvunja mkondo kwa miguu yao ili maji yamfikie mbebaji yamechoka. Krisanti alikuwa nyuma, mkono mmoja ameshika viatu vya dada yake, mwingine amemshika dada mwenyewe mgongoni. Wakavuka.

Ule mteremko mwekundu wakaupanda kwa zamu. Akichoka Venturi anachukua ndugu yake, akichoka huyo anachukua mwingine. Krisanti naye akaomba zamu yake. Akapewa. Alimbeba dada yake mpaka kwenye mti wa msindano, akateleza mara mbili, na mara zote mbili mkono uliomdaka ulikuwa wa Venturi. Wasindikizaji wa mashati ya pasi walibaki kulinda gari lisiibiwe, katikati ya mto.

Hospitalini walimkuta muuguzi anakunja mashuka. Akawatazama, wote wekundu tangu nyayo mpaka viunoni, na mama wa watu katikati yao, kanga yake haina hata tone. Akalikunjua shuka moja. Bi Leokadia akawa mgonjwa wa mwisho. Walimpasua jicho moja, wakamwambia la pili mwaka mwingine, na akae karibu na hospitali kwa siku kadhaa awekewe dawa.

Maji yalipopungua watani wakalitoa gari kwa kamba, kulipeleka upande wa hospitali. Safari hiyo na wale vijana walisukuma. Walisukuma kwelikweli, maana mjomba alikuwa amesimama nyuma yao. Kisha Krisanti, Dismasi na Venturi wakaondoka kwenda Kihonda.

Mzee Mahimbo alipowaona, akafanya alichokizoea. Aliwaita mezani. Wali, kuku, maini kwenye kisahani. Venturi alikula kuliko wote, akakomba na kisahani cha Krisanti. Alipomaliza akamgeukia mke wa mwenye nyumba.

"Mama, wewe ni wa ukoo gani huko milimani?"

Akamtajia.

"Hao ni watani wangu tangu babu," Venturi akasema, akanyanyuka, akaingia chumbani kwao na mikono yake ina mafuta ya kuku. Wakamsikia anavuta kitu kizito sakafuni. Akatoka na gunia. Ndani yake kulikuwa na propela shafti, imepakwa grisi, imetunzwa kuliko watoto wa watu. Ilikuwa uvunguni mwa kitanda.

Mzee Mahimbo hakuwa mwizi wa kutisha, nisimpake matope zaidi ya yanayomtosha. Alitazama chini. "Niliitoa gari lipunguze kula mafuta," akasema. "Hapa mjini tope liko wapi? Nilisema mkiiuliza nitawapa. Hamkuuliza."

"Tulikuwa tumeshiba," Krisanti akasema.

"Nilikuambia uwape," mke akamwambia mumewe, na hakusema kingine mpaka wageni walipoondoka. Nadhani walipoondoka alisema.

Shafti ikafungwa hapo hapo uani. Wakati fundi anafunga, Venturi alilala chini ya lile gari na msumari mkononi. Hakujua jina la kitu hata kimoja. Alikuwa anachokonoa tu. Palipokuwa na kutu alichokonoa aone kama chuma kipo nyuma yake, palipokuwa na mafuta alinusa, tairi alizilinganisha kwa shibiri akakuta moja ni ndogo, akaidai ibadilishwe, na ikabadilishwa. Krisanti alisimama kando yake na kumshikia kofia. Kikohozi kilimkaba mara moja, akakigeuza kuwa kupiga chafya.

Ndiyo maana mpaka leo, mtu wa Kitonge ukimwita kununua kitu, hata baiskeli, hata mbuzi, anachungulia kwanza ndipo ananawa mikono. Mkiona mgeni ameacha wali wenu unapoa, anazunguka nyuma ya nyumba, msikasirike. Huyo ametoka kwetu.

Walirudi kumchukua Bi Leokadia siku yenye mvua. Mbele ya hospitali kuna bonde lenye tope la kunyonya, na Dismasi, badala ya kuzunguka, akalipitisha gari katikati ya hilo bonde makusudi. Akavuta kigia. Likaingia, likazama kidogo, halafu mbele likajishika na kujivuta, likatoka upande wa pili limechafuka mpaka vioo.

Bi Leokadia alikuwa amekaa kibarazani. Jicho moja limefungwa, moja linaona. Akainuka, akalisogelea gari, akafuta tope kwa kiganja.

"Kumbe ni jeupe," akasema.

"Jeupe, dada," Krisanti akasema, na akangoja lisifiwe.

"Zuri." Kisha akageuka kuwatazama watu. "Venturi ni yupi?"

"Mimi hapa, mtani."

Akamtazama sana. "Kumbe umezeeka hivi. Sauti yako imenidanganya miaka yote hii."

"Na wewe ulikuwa umestirika na upofu. Nani alikuambia ufungue macho?"

"Lete mguu."

Venturi akautoa mguu mmoja mbele. Ulikuwa mguu wa mchimba magimbi, umepasuka kisigino, na tope jekundu limeingia kwenye ufa mahali ambapo sabuni haifiki. Bi Leokadia akainama akaushika, kama alivyokuwa akishika masikio ya mjukuu wake.

"Huu naujua," akasema. "Niliusikia ukitafuta mawe chini ya maji."

Krisanti akasogea. Alitaka na gari lipate neno lake. "Dada, hata hili sasa lina miguu minne. Yote inavuta. Nimehesabu mwenyewe."

"Ulihesabu wapi?"

"Hapo bondeni, sasa hivi."

"Hapo sawa," Bi Leokadia akasema, akauachia mguu wa Venturi na kupanda mbele, kwenye kiti cha mjomba. "Miguu huhesabiwa matopeni."

Basi. Jogoo wale wawili walitolewa, na yule wa alfajiri akawa anawika kwa Venturi, Krisanti akawa anachelewa kuamka. Na Filbati mwacheni ajaze ukumbi wake, siku ya sherehe kila mtu ana miguu. Shangazi yake hakumwombea mabaya. Anangoja tu mvua inyeshe, maana miguu huhesabiwa matopeni.